Ukuta wa mawe bustanini: kwa nini umetoa tumbo, na namna ya kuujenga upya ukasimama sawa

Swali la msomaji: "Shikamoo fundi. Naishi Isamilo, Mwanza, kiwanja changu kiko mteremkoni. Nilijengewa ukuta wa mawe na saruji wa kuzuia udongo wa bustani, urefu mita 9, kimo kama mita 1 na sentimita 10. Masika iliyopita umetoa tumbo katikati, una nyufa mbili ndefu, na juu si sawa tena, vyungu vyangu vya maua vimelala upande. Nyumba iko mita 6 juu ya ukuta, na maji ya bati yanamwagikia bustanini. Mawe yamejaa kiwanjani. Nataka kuubomoa niujenge upya, uwe imara na juu uwe sawa kabisa. Niongeze saruji na nondo? Au ni kweli mawe matupu yanaweza kusimama?"

Marahaba dada yangu, na pole sana kwa ukuta. Nianze na lile uliloliuliza mwisho, maana ndilo linalobeba mengine yote. Ndiyo, mawe matupu yanasimama, na kwa kimo hicho cha kwako yanasimama vizuri kuliko mawe yaliyogandishwa kwa saruji bila kuachiwa njia ya maji. Ukivuka mpaka kwenda kaunti ya Migori, Kenya, katika ukanda wa ziwa letu hilihili, utakuta Thimlich Ohinga, boma la mawe linalokadiriwa kujengwa karne ya 16 bila saruji, bila chokaa, bila tope la kushikizia. Kuta zake zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, na unene wa wastani wa mita 1. UNESCO waliliingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Mawe yake hayakuchongwa, ni ya maumbo yoyote kama hayo uliyonayo kiwanjani. Wajenzi walipanga uso wa nje na uso wa ndani, wakafunga katikati kwa mawe madogo yaliyoshikana na nyuso zote mbili. Nitakueleza kazi hiyohiyo, kwa ukubwa wa bustani yako.

Lakini kwanza tuelewane kuhusu tumbo, kwa sababu ukijenga upya bila kujua lilitoka wapi, utalipata tena hata ukiweka mifuko mia ya saruji. Udongo wa kichanga wa vilima vyetu, ukiwa umekauka, kwa kimo cha mita 1.1 unausukuma ukuta kwa nguvu ya kilo 360 hivi kwa kila mita moja ya urefu. Hayo ni makadirio ya kawaida ya kihandisi. Udongo huohuo ukishiba maji hadi juu, na maji yakakosa pa kutokea, msukumo unapanda kufika kama kilo 770. Ukuta haukubadilika, uzito wake ni uleule, lakini mzigo umeongezeka zaidi ya maradufu. Na maji husukuma kwa nguvu zaidi kadiri unavyoshuka chini. Saruji iliyojaza kila upenyo ndiyo iliyoyafungia humo ndani. Katikati ya ukuta, mbali na kona, ndipo penye cha kushikilia kidogo kuliko pengine, kwa hiyo ndipo palipotoka tumbo.

Halafu kuna hilo ulilolitaja kwa kupita tu, maji ya bati. Mimi ningelitaja la kwanza. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya bati la mita za mraba 100 inatoa lita 100. Mvua moja nzito ya milimita 50 inakumwagia lita 5,000, zote mahali pamoja, mita chache tu nyuma ya ukuta. Kabla hujagusa jiwe hata moja, yapeleke maji hayo kwingine: tangi, au bomba linalopita pembeni hadi kwenye mtaro wa barabara. Kazi hiyo ni ndogo kuliko ukuta wenyewe, na bila hiyo sina cha kukuahidi.

Kuhusu saruji na nondo. Nondo hufanya kazi ndani ya zege, mahali ambapo imezungukwa na kubanwa pande zote. Ukiipenyeza kati ya mawe na kuifunika kwa udongo wa saruji (saruji iliyochanganywa na mchanga) hapa na pale, itapata kutu na kuvimba, na baada ya miaka itakupasulia ukuta yenyewe. Ukuta wa mawe na saruji nao unaweza kujengwa vizuri, siukatai: unataka msingi wa zege, kokoto nyuma yake, na matundu ya mabomba ya milimita 50 hadi 75 karibu na chini, kila mita moja na nusu. Fundi wako hakuweka tundu hata moja, sivyo? Nyufa mbili ndefu zinaniambia hivyo. Ila kwako wewe, mwenye mawe tele na kimo cha mita 1.1, ukuta mkavu, yaani wa mawe matupu, una faida mbili kubwa. Maji yanapita kila mahali, na udongo ukitulia kidogo mawe nayo yanatulia pamoja bila kupasuka.

Fanya kazi hii kiangazi, Juni hadi Agosti. Ukibomoa Oktoba mvua za vuli zitakukuta na udongo uko wazi, na wote utateremkia kwa jirani. Mwambie jirani wa chini mapema, kwa adabu, na muombe ruhusa kama mawe yatagusa upande wake. Bomoa kuanzia juu, kozi kwa kozi, yaani safu moja ya mawe baada ya nyingine, usichimbe chini ukitegemea ukuta uanguke wenyewe. Udongo ulio nyuma uchimbwe kwa mteremko, usiache ukingo uliosimama wima ambao watu watainama chini yake. Vaa buti na glavu nene, na unapovunja mawe vaa miwani. Ukuta wa zamani ni makazi ya nge na nyoka. Geuza jiwe kwa mtaimbo kwanza, mkono ufuate baadaye.

Sasa mawe. Matale ya Mwanza, yaani mawe ya graniti, yamelika kwa hali ya hewa kwa muda mrefu mno hadi yakawa mviringo, na umviringo huo ndio adui wako. Jiwe la mviringo halikai juu ya mviringo mwenzake, linatafuta kubingirika. Kwa hiyo yavunje, upate angalau pande mbili zilizo bapa. Jiwe kubwa lisilopasuka kwa nyundo lichimbiwe vitundu kwa tindo, vifuatane mstari mmoja, kila sentimita 10 hadi 15, kisha pigilia kabari za chuma zamu kwa zamu, kidogo kidogo, hadi usikie mlio umebadilika. Usipige kabari moja ukaimaliza. Jiwe litapasuka njia linayotaka lenyewe.

Wagonga mawe wengi wa kwetu hupasua kwa moto. Njia hiyo ni rahisi na ya zamani, lakini ina hasara ambayo wanunuzi hawaambiwi: joto huyachanja mawe kwa ndani nyufa ndogo zisizoonekana, na baadhi hubaki yakimumunyuka. Ukinunua mawe ya nyongeza, gonga kila moja kwa nyundo ndogo. Jiwe zima hulia kwa sauti kali. Lililochoka kwa moto hutoa sauti nzito iliyokufa, na ukilikwangua kwa ukucha wa nyundo punje zinadondoka. Hilo lipeleke nyuma, kwenye kujazia, lisikae usoni wala chini. Mawe ya ukuta wa zamani yatafaa pia ukishabandua saruji, hasa kwenye pande za kulalia. Bonge la saruji lililobaki chini ya jiwe litakufanya ulikosee jiwe ukidhani ndilo linalocheza.

Yapange mawe chini kabla ya kuanza, mafungu manne: makubwa na mazito ya msingi; marefu yanayofika sentimita 60 ya kufungia; bapa yenye unene unaolingana ya kifuniko cha juu; na yote yaliyobaki. Mafungu ya pili na ya tatu yafiche kabisa. Nasema hivi kwa sababu fundi akiwa katikati ya kazi na jiwe bapa zuri liko mbele yake, atalitumia, na siku ya kufunika juu hutakuwa na kitu. Usawa wa juu unaoutaka kwa ajili ya vyungu vyako unaanzia kwenye fungu hilo la tatu.

Kiasi chake ni hiki. Ukuta wa mita 9, wenye mita 1.1 juu ya ardhi na sentimita 30 ndani ya msingi, unene wa sentimita 70 chini na kama 45 juu, unakula mita za ujazo 7 na kidogo. Kwa uzito ni kama tani 13. Fungu la mawe yaliyomwagwa lina uwazi mwingi, na kuna yatakayokataa, hivyo uwe na mita za ujazo 9 kabla ya kuanza. Kokoto za nyuma ni mita za ujazo 3.

Chimba mtaro wa msingi upana wa sentimita 80, kina cha sentimita 30, au zaidi hadi ukute udongo mgumu ambao sururu inauruka. Ukikutana na mwamba, shukuru, ila usijenge juu ya mgongo wake ulioinama. Chonga ngazi bapa. Sakafu ya mtaro iinamie nyuma kidogo, upande wa mlima, sentimita 5 au 6 katika upana wote. Mafundi wengi huisawazisha pande zote wakidhani ndio ufundi, lakini ukuta wa kuzuia udongo unatakiwa uegemee kwa mzigo wake tangu kwenye nyayo.

Kwa urefu, hapo ndipo penye usawa. Kama ardhi yako inateremka pia kutoka kona moja kwenda nyingine, usiufuatishe msingi mteremko huo. Ukate ngazi, kila ngazi bapa, tofauti kati ya ngazi na ngazi iwe sawa na unene wa jiwe moja la msingi. Kozi zikianza zimeinama zitabaki zimeinama, na kila jiwe litakuwa likimsukuma mwenzake kuelekea chini mwaka baada ya mwaka.

Usipime kwa macho. Mteremko wa mlima unalidanganya jicho kiasi kwamba mstari ulio sawa kabisa utauona umepinda, na ule uliopinda utauona uko sawa. Pima maji ya fundi, ile ya chuma ya futi mbili, inafaa kwa jiwe moja moja, lakini kwa mita 9 makosa madogo yanajumlishana. Nunua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita 12. Ujaze maji polepole ukiwa umeuinua upande mmoja, angalia povu zote zitoke, maana povu moja lililojificha kwenye kona ya mpira linaharibu kipimo chote. Kisha leta ncha mbili pamoja, uzishike bega kwa bega. Maji yakiwa yamesimama kimo kimoja pande zote mbili, mpira uko tayari. Yasipolingana, kuna povu. Sasa mtu mmoja asimame na ncha yake kwenye kigingi cha kona hii, mwingine kona ile, wote watoe vidole mdomoni mwa mpira, wasubiri maji yaache kucheza, waweke alama. Alama hizo mbili ziko sawa, hata kama katikati yenu kuna mti au kichuguu.

Kutoka kwenye alama hizo pima kushuka chini kwa futikamba, ujue kila kozi itaishia wapi. Kila kona simamisha fremu ya mbao yenye umbo la ukuta ukiukata ubavuni: mgongo umesimama wima, uso wa mbele umelala nyuma sentimita 16 au 17 kwa kila mita ya kimo. Mlalo huo ndio unaofanya uzito wa ukuta uulalie udongo badala ya kusimama ukingoni mwake. Funga kamba kutoka fremu hadi fremu, uipandishe kila kozi inapoisha. Kamba ya mita 9 inalegea katikati hata ukiivuta vipi, na ulegevu wa sentimita moja chini utakuwa bonde juu. Weka fremu ya tatu katikati, au kigingi cha kuibebea kamba, uhakikishe kwa mpira kwamba nayo iko kimo kilekile.

Kozi ya kwanza ina thamani kuliko zote, ipe siku nzima ikibidi. Mawe makubwa kabisa, upande bapa ukilala chini, na kama sakafu ina shimo kwaruza udongo ufuate umbo la jiwe. Usiinue jiwe kwa kulitia vijiwe chini. Lipande kwa miguu yako miwili, jiyumbishe. Likicheza hata kidogo, litoe. Jiwe linalocheza kidogo leo litacheza sana likibebeshwa tani moja.

Kuanzia hapo kila jiwe lilale urefu wake ukiingia ndani ya ukuta, kama vitabu vilivyopangwa rafuni, ncha fupi tu ndiyo ionekane. Jambo hili linawashinda wengi kwa sababu jiwe likilazwa kwa ubavu linaonyesha uso mpana mzuri na kazi inakwenda mbio. Lakini lina kina cha sentimita 15 tu, na udongo ukivuta pumzi litatoka. Nikikagua ukuta wa mtu, jambo la kwanza kuangalia ni hilo: nyuso pana nyingi zinaniambia ukuta ni ganda. Kila kiungo cha kozi ya chini kifunikwe na jiwe la kozi ya juu, jiwe moja likae juu ya mawili, na mawili juu ya moja. Ukiona ufa uliosimama wima umepanda kozi tatu mfululizo, fungua hapo urudie.

Jiwe likihitaji kabari ili litulie, kabari iingie kwa nyuma, isiingie kwa mbele. Iliyoingizwa mbele inaonekana imebana vizuri, kisha jua na mvua na watoto wanaoichokonoa huitoa, na jiwe la juu linashuka. Ya nyuma haina pa kwenda. Usisawazishe kozi kwa kurundika vijiwe vidogo usoni. Tafuta jiwe la kimo kinachotakiwa, au ligonge lile ulilonalo. Jiwe nene linaloruka kozi mbili si kosa, mradi majirani zake wa pande zote wanalifikia kimo chake.

Katikati, nyuma ya mawe ya uso, ndipo kuta nyingi zinapofia, kwa sababu hakuna anayepaona. Mafundi wenye haraka humwaga humo udongo, mchanga na vifusi kwa sepeto. Udongo huteremka na maji, unaacha mapango, na mawe ya uso yanarudi nyuma kuyajaza. Jaza kwa mawe madogo yenye kona, yapangwe kwa mkono, moja moja, kila moja likibana jingine. Yasiwe ya mviringo. Na ujaze kila kozi kabla ya kupanda nyingine: katikati pasiwe chini kuliko usoni hata siku moja. Kwa kazi hii, dada yangu, simama mwenyewe uangalie. Ukuta ukishafika juu hakuna mkaguzi wala pesa itakayokuonyesha kilichomo ndani.

Ukifika sentimita 50 au 60 juu ya ardhi, ndipo yanapoingia yale mawe marefu ya kufungia. Weka moja kila mita, likianzia usoni hadi nyuma, na likiweza lipite mgongo wa ukuta liingie kwenye kokoto. Haya ndiyo yanayouzuia uso usiachane na mgongo, na ukuta wenye mawe haya ya kutosha hautoi tumbo kirahisi. Ukikosa marefu, tumia mawili yanayopishana: moja litoke usoni lifike theluthi mbili ya unene, jingine litoke nyuma vivyo hivyo, yalaliane. Si sawa na jiwe moja, lakini yanasaidia.

Nyuma ya ukuta panda na kokoto sambamba na kozi, upana wa sentimita 30, tangu chini kabisa hadi sentimita 15 kabla ya kufika juu. Kati ya kokoto na udongo weka kitambaa cha kuchuja, kile cheusi kinachouzwa kwa ajili ya mifereji. Kama hakipatikani, weka tabaka la mchanga mnene wa mtoni. Bila kichujio hicho udongo laini utajaa kwenye kokoto misimu michache tu na utarudi palepale. Udongo unaorudishia nyuma ushindilie kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kwa kishindilio cha mkono. Usiache gari au mashine nzito ikanyage karibu, ukuta mbichi utasogea. Juu kabisa funika kwa udongo wa mfinyanzi kidogo, uliolazwa kuelekea mfereji mdogo unaopita nyuma na kutokea pembeni, ili maji ya juu ya ardhi yasiingie kwenye kokoto hata kidogo.

Kozi mbili za mwisho zinataka subira. Zikibaki sentimita 35 hivi kufika alama ya juu, simama. Pima unene wa mawe yako ya kifuniko, toa kutoka kwenye kimo kilichobaki, halafu ndipo uchague mawe ya kozi ya kati. Wengi hupanda bila kupima, wakifika juu wanakuta pengo la sentimita 4 ambalo halina jiwe, wanalijaza saruji, na saruji hiyo nyembamba haivuki masika mbili. Kwenye kifuniko hapa siikatai saruji. Kwa kuwa utaweka vyungu, na watu watakaa juu ya ukuta hata ukiwakataza, laza mawe ya kifuniko kwenye udongo wa saruji wa moja kwa nne (saruji moja, mchanga nne), unene wa sentimita 2 hadi 3, ukiyagonga kwa mpini wa nyundo hadi yaguse kamba. Yawe mapana ya kufunika unene wote wa ukuta. Pima kila moja kwa pima maji, mara mbili: kwa urefu, na kwa kupita. Kwa kupita liiname kidogo sana kuelekea mbele, milimita 3 au 4, maji yasituame chini ya vyungu. Mkono wako hautauhisi mwinamo huo na chungu hakitaujua.

Kimo hiki cha mita 1.1 kiko ndani ya uwezo wa fundi mwashi makini na wasaidizi wawili. Kama siku moja utataka kupandisha zaidi ya mita 1.2, au kama juu ya ukuta patapita gari, muite mhandisi aje aone, na uulize halmashauri kuhusu kibali. Wengi wanaotaka kimo kikubwa wanaweza kujenga kuta mbili fupi zilizopangwa kama ngazi, na mimi hupendelea hivyo, lakini ukuta wa juu urudi nyuma angalau mara mbili ya kimo cha ule wa chini, vinginevyo uzito wake wote unaulalia mwenzake. Nyumba yako iliyo mita 6 nyuma haiuelemei ukuta wa kimo hiki. Kinachotoka nyumbani kuuelemea ni yale maji ya bati.

Na unapomtafuta fundi, usimlipe kwa mita za ukuta. Malipo ya mita humfanya alaze mawe kwa ubavu na ajaze katikati kwa sepeto, hata kama ni mtu mwaminifu. Mlipe kwa siku, au mkubaliane hatua tatu: msingi na kozi ya kwanza, kufika kwenye mawe ya kufungia, na kumaliza. Kila hatua ukague kwa mpira ule wa maji kabla hujatoa pesa.

Miti usiipande karibu. Mwembe na mparachichi vikae mbali, mita 5 au zaidi, kwa maana mizizi yake hutafuta unyevu ulio kwenye kokoto na ikinenepa inainua mawe. Nyuma ya ukuta, hatua moja hivi, panda nyasi za vetiva mstari mmoja. Mizizi yake inashuka wima na kushika udongo bila kusukuma. Kwenye nyufa za usoni unaweza kupachika shubiri ndogo, haziumizi kitu.

Vyungu vizito visubiri hadi vuli ya kwanza ipite. Mwezi Januari vuta tena kamba na mpira kutoka kona hadi kona. Kushuka kwa milimita chache ni kutulia kwa kawaida, panga vyungu vyako. Mahali popote penye kushuka kwa sentimita moja au zaidi, au uso uliotoka nje ya kamba, fungua mita ile tu kuanzia juu, utafute jiwe lililolala kwa ubavu au shimo katikati, kisha urudishie mawe yaleyale kabla masika haijaanza.